Siku Injini Ilipoanguka

Bernadette Pawlak alikuwa ameshika ncha moja ya difu kuukuu la gari, mwanamume asiyemjua ameshika ncha nyingine, na hakuna kati yao aliyekuwa na nia ya kuachia.

"Dada, hili nimeliona mimi kwanza," mwanamume akasema.

"Uliliona kwa macho. Mimi nimelishika."

"Unajua ni la gari gani?"

"Chevelle ya sabini. Na wewe unajua unaongea na nani?"

"Bado sijajua. Ndiyo maana siachii."

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, kwenye mnada wa vipuri vya magari ya zamani nje kidogo ya mji wa Toledo. Matope yalikuwa yamejaa majani makavu, na moshi wa soseji na vitunguu ulitambaa juu ya meza za kabureta na taa kuukuu. Bernadette alivaa koti la kiwandani la marehemu baba yake, lililompwaya mabegani. Kichwani alifunga kitambaa chekundu, na midomo aliipaka rangi ya divai, maana kwenda kununua vyuma hakukumzuia mwanamke kupendeza. Mwanamume alikuwa mrefu, shati la mistari, na kucha safi kuliko za fundi yeyote aliyewahi kumwona.

Wangeendelea kuvutana na kuchekeana mpaka jioni, kama si jitu moja lenye shingo ya fahali kuja na kuweka mkono wake katikati ya difu.

"Wapenzi," lilisema, "mkimaliza kubembelezana mtaniambia. Mimi nimeshalipia."

"Hujalipia kitu," muuzaji akapinga kutoka nyuma ya meza.

Jitu likamsukuma Bernadette kifuani. Hapo ndipo alipoachia difu, na aliliachia ili apate mkono wa kupigia. Ngumi ilitua puani, ikasikika kama mtu amevunja tawi. Jitu likamkamata kwa kitambaa cha kichwani, likamzungusha, likamtupa juu ya meza. Kabureta zikamwagika kwenye matope. Lilipoinua buti limkanyage, yule mwanamume mrefu aliliingia kwa bega, wakaanguka wote wawili chini ya lori, wakatoka huko mmoja akitambaa na mwingine akifuta tope machoni. Aliyetambaa hakuwa yule mrefu.

Baadaye walikaa kwenye ngazi ya lori la muuzaji. Bernadette alikuwa amefunga barafu kwenye vifundo vya vidole, na mwanamume amemnunulia soseji yenye kabichi na haradali.

"Naitwa Lyle Ostrander. Natengeneza gia boksi. Ningekupa mkono, lakini nauogopa huo wako."

"Bernadette. Uogope tu."

"Difu chukua wewe. Ila nataka kuliona likifungwa."

* * *

Gari lilikuwa la mzee Pawlak. Aliliacha gerejini nyuma ya nyumba likiwa bodi tupu, limekatwa matao ya nyuma ili yaingie matairi mapana kama madumu. Wosia wake ulisema ni la watoto wote wawili, Bernadette na kaka yake Kaz. Kaz alikuwa gerezani kwa kumvunja mtu taya kwenye baa. Kwa hiyo Bernadette alichomelea peke yake, akapiga bati peke yake, akaitanua injini na kuifungia juu yake pampu ya kuisukumia hewa, ambayo ingetokeza kwenye tundu la boneti kama kifua cha mpiganaji.

Kufikia Krismasi hakuwa peke yake tena. Lyle alikuja na gia boksi, halafu akaja na supu, halafu akaja bila sababu.

"Uko wapi, mrembo?" alikuwa akimwuliza kwa simu mchana.

"Chini ya gari. Nina kutu machoni."

"Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au gia boksi yako?"

"Gia boksi hainitukani. Wewe ndiye niliyekukumbuka."

Bernadette alicheka mpaka spana ikamponyoka. Alikulia katika nyumba ambamo upendo ulionyeshwa kwa kipigo. Baba alimpiga Kaz, Kaz akapiga mtaa mzima, na Bernadette akajifunza kurudisha pigo kabla ya kulia. Kwao, mtu asiyerudisha hakuhesabiwa. Sasa alikuwa na mwanamume ambaye tangu ile siku ya mnada hakuwahi hata kuinua sauti, na upole wake ulimpendeza na kumtisha kwa pamoja. Usiku mwingine alijiuliza: siku mambo yakiharibika, huyu atasimama?

Mambo yaliharibika mwezi Machi.

Mchana huo walikuwa wanaiteremsha injini mahali pake. Ilining'inia kwenye winchi iliyofungwa darini, na Lyle aliishusha taratibu kwa kuvuta mnyororo. Bernadette alikuwa amelala chini ya gari, chali juu ya kibao cha magurudumu, anaongoza mdomo wa gia boksi kwa mikono.

"Shusha kidogo, mpenzi. Basi. Basi!"

Mlango wa gereji ukapigwa teke.

"Nani kakuruhusu kutia mikono kwenye gari la Baba?"

Sauti ya Kaz angeijua hata kaburini. Alikuwa ametoka gerezani wiki hiyohiyo, na hakuja nyumbani kwa dada yake mpaka alipopata pombe ya kumsindikiza.

"Kaz!" Bernadette alipiga kelele kutoka chini. "Kaz, ngoja!"

Hakungoja. Bernadette alisikia chuma kikigonga chuma, halafu ngumi ikigonga nyama. Kutoka pale chini aliona buti tu. Buti za kaka yake zilikuwa zinacheza, zinarudi, zinaingia tena. Za Lyle zilikuwa zimesimama. Hazikusogea mbele wala nyuma. Matone ya damu yakaanza kudondoka sakafuni katikati yake.

"Mpige!" Bernadette alipiga ukelele. "Lyle, mpige!"

Gurudumu la kibao lilikuwa limenasa kwenye waya wa taa. Alijiviringisha, akaacha ngozi ya kiwiko kwenye saruji, akatambaa hadi upande wa nyuma. Alipotoa mguu wa mwisho tu, injini ikaanguka. Gereji nzima ilitikisika. Bakuli la oili lilipasuka, pampu ikapinda, na vyuma vya mbele alivyovinyoosha majira yote ya baridi vikakunjika kama bati la kopo.

Kaz alishtuka, akakimbia. Bernadette alichomoa spana ya magurudumu ukutani, akamfukuza hadi barabarani, akairusha, ikavunja kioo cha nyuma cha gari lake lililokuwa linaondoka. Aliporudi, Lyle alikuwa amepiga magoti, mikono ameificha kwapani, uso umevimba kama boga.

"Umeiachia," Bernadette alisema. "Injini ya baba yangu umeiachia. Na hukuinua hata mkono! Hata mmoja! Mwanaume gani wewe? Suruali hiyo umeazima?"

Lyle alimtazama. Alitema damu. Kisha alinyanyuka bila kushika chochote, akausukuma mlango kwa bega, akaenda zake.

* * *

Siku zilizofuata Bernadette alimpigia Lyle simu akiwa na hasira, halafu akampigia akiwa na huzuni, na simu haikupokelewa. Mwishowe akamtumia ujumbe kwamba asipopokea leo, aifute namba yake. Akapiga. Safari hii ikapokelewa.

"Samahani," sauti ya Lyle ilitoka nzito. "Nimechelewa. Nimebonyeza kwa pua."

"Kwa pua?"

"Kwa pua, ndiyo."

"Injini imeharibika, kaka yangu karudi kuwa mnyama, na wewe unanifanyia mzaha?"

Akakata. Akalia kilio cha hasira, akarusha simu kwenye kochi. Halafu akafikiria ni nani anayestahili kipigo ambacho mikono yake ilikuwa inakidai.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na kila Ijumaa ya Kwaresima mtaa wote ulikula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa. Kaz alikuwepo, peke yake kwenye meza ya mwisho, sahani mbele yake haijaguswa. Bernadette alipita katikati ya mabibi wa parokia akiwa na gauni lake jeusi la kanisani, akanyakua sinia kutoka mikononi mwa mhudumu na kumpiga nalo kaka yake usoni. Samaki waliruka hadi ukutani. Mtu akasema "Yesu na Maria!" Akampiga tena. Damu ikamtoka Kaz nyusini, ikaingia kwenye kachumbari ya kabichi.

"Simama! Ulimpiga yeye, nipige na mimi!"

"Sikupigi, Bernadette."

"Umeogopa?"

"Nimeshampiga mtu asiyerudisha," Kaz alisema. "Tangu siku hiyo sijalala."

"Asiyerudisha! Mwoga aliyesimama kama nguzo!"

Kaz alimwinulia macho. Damu ilimtiririka hadi kidevuni, hakuifuta.

"Mwoga nani? Wewe hukuona?"

"Nilikuwa chini ya gari."

"Ndiyo. Ulikuwa chini ya gari." Alimeza mate. "Niliingia na nondo. Pigo la kwanza lilimkosa, likapiga winchi, kile kijino kinachozuia mnyororo kikakatika. Injini ikaanza kushuka. Akaudaka mnyororo kwa mikono miwili. Mimi sikujua uko chini, naapa kwa Baba, nilikuwa nimelewa, sauti yako niliisikia kama inatoka nyumbani. Nikampiga. Nikampiga tena. Unajua alikuwa ananiambia nini, sauti imemwisha? 'Ngoja atoke. Akishatoka, nitakuhudumia.' Kila ngumi, maneno yaleyale. 'Ngoja atoke.' Mnyororo ulikuwa unamchuna viganja, nauona, na haachii. Aliachia alipouona mguu wako nje."

Sinia lilianguka kutoka mikononi mwa Bernadette.

"Na polisi?" Kaz aliendelea. "Angesema neno moja, ningekuwa nimesharudi ndani. Hospitali aliwaambia ni ajali ya winchi. Nilimfuata huko. Nilikaa kwenye gari, nikashindwa kushuka."

* * *

Lyle alifungua mlango wa nyumba yake kwa kiwiko. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye vifundo, minene kama glavu za bondia. Simu ilikuwa juu ya meza, kioo chake kimejaa alama za pua.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bernadette alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kaz."

"Aa. Kwa hiyo Kaz umemwamini." Aliongea polepole, taya bado inamuuma. "Mimi ulinitazama hivihivi, uso umepasuka, ukaniita mtu wa kuazima suruali. Aliyenipasua ndiye shahidi wako."

Bernadette aliinamia zile bendeji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mdomo ulijaa damu. Nilipotema, wewe ulikuwa umeshasema."

Alitaka kumkumbatia, akaona bega likirudi nyuma. Kwa hiyo alikwenda jikoni, akachemsha kahawa, akarudi na kikombe, akakishika mbele ya midomo yake. Lyle akageuza uso. Bernadette hakuondoa kikombe. Mkono ulianza kumuuma, kahawa ikapoa, akaenda akachemsha nyingine. Ya pili aliinywa.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Alimnyoa ndevu, akamfunga vifungo vya shati, akamkatia nyama. Mara ya kwanza Lyle alipocheka ni pale Bernadette alipomchoma pua kwa uma.

"Nioe," Bernadette alisema siku moja, kijiko cha supu kikiwa hewani.

Lyle alikisukuma kijiko kando kwa bendeji.

"Unauliza kwa sababu unaona aibu, mpenzi. Siwezi kuoa aibu ya mtu. Ikiisha, uniulize tena."

"Na isipoisha?"

"Basi utakuwa unaninyoa bure."

* * *

Bendeji zilitoka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena, na daktari alisema havitakunjika. Majira yote ya joto walijenga upya: bakuli jipya, vyuma vipya vya mbele, pampu ikapelekwa kunyooshwa. Bernadette alimpa Lyle kila nati inayohitaji mkono mmoja na kumfokea alipogusa zinazohitaji miwili. Wakagombana kama watu wazima, na mara nyingine alisahau kabisa kwamba alikuwa na kitu cha kujutia.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, mwezi Agosti, Kaz alitokea kwenye mlango wa gereji. Safari hii alibisha. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi, amesimama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nimetoka," Bernadette alisema. "Niko nje, Lyle."

"Naona." Lyle aliweka spana mezani, akajifuta mikono, akamwendea Kaz. "Uko tayari?"

"Tayari," Kaz alisema, akashusha mikono.

Ngumi ya kulia ilimlaza chali kwenye nyasi. Bernadette alihesabu pumzi zake mwenyewe, akisubiri ngumi nyingine. Haikuja. Lyle aliinama, akampa mkono ule wenye vidole vilivyonyooka, akamwinua. Kisha akamtia mtungi wa kuzimia moto kifuani.

"Simama pale mlangoni kwa dereva. Ukiona mwali wa moto, nyunyiza. Ukimnyunyizia dada yako bila sababu, tutarudia."

"Sawa, shemeji," Kaz alisema, damu ikimtoka puani.

"Bado si shemeji."

Bernadette aliingia, akakaa kwenye usukani. Hapakuwa na eksozi bado, mabomba mafupi tu yakitazama nje pembeni. Aligeuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moto wa samawati, ikawaka. Sauti iliingia mbavuni mwake, ikatikisa makopo kwenye rafu, ikawafukuza ndege wa mtaa mzima. Lyle alikuwa ameinama mbele na taa, anairekebisha, uso umejaa furaha kama mtoto. Bernadette alimtazama. Alijichunguza moyoni, akaitafuta ile aibu kama unavyopapasa jino lililokuwa linauma. Haikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kumtaka tu.

"Lyle!" aliita. "Nioe!"

Lyle aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa.

"Nioe, kiziwi wee!"

Hakuna. Kaz, na mtungi wake mkononi na shati lake lililolowa damu, alitazama huku na kule. Kisha akazunguka gari, akamshika Lyle shingoni, akamwekea mdomo sikioni.

"Anauliza utamwoa?" akapaza sauti.

Lyle alisimama wima. Alimtazama Bernadette kupitia kioo cha mbele, kwa muda, kama anayepima kitu. Halafu akamgeukia Kaz na kumpigia kelele jibu.

Kaz alirudi akikimbia, akaingiza kichwa dirishani, machozi na damu vimechanganyika.

"Amesema ndiyo! Amesema uongeze mafuta kidogo, na ndiyo!"

Bernadette akakanyaga mafuta.