Alama ya Mzee Nyaya

Haya yalimpata rafiki yangu, mwandishi wa programu, na tangu siku hiyo hakai chumba chenye feni.

Mfumo wao ulikuwa unavuja kumbukumbu. Kila ujumbe unaoingia kutoka mtandaoni hupewa nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, na ukishasomwa nafasi ile huachiwa. Nyingine hazikuachiwa, mashine ikawa inajaa mpaka inazimika, na mashine yenyewe ndiyo iliyobeba simu za kuita ambulensi. Ya akiba nayo ilikuwa inajaa vilevile.

Pale kazini kila mtu huweka alama yake kwenye nafasi anazozichukua, ili zikikwama ajulikane wa kulaumiwa. Zote zilizokwama zilikuwa na alama ya Mzee Nyaya, mfanyakazi mwenzao waliyemzika miezi miwili nyuma.

"Marehemu hajastaafu," alitania shemeji wa rafiki yangu, waliyefanya naye kazi meza moja.

Rafiki yangu akafuta kila mstari wa programu alioandika mzee, akaiwasha mashine upya. Hesabu ya nafasi zilizokwama ikazidi kupanda. Akaingia chumba cha mashine, kisicho na dirisha, ambacho taa yake ilikuwa imeungua siku nyingi. Akapapasa, akachomoa waya wa mtandao. Gizani feni zikavuma, zikatulia, zikavuma tena, kama mtu anayehema.

Simu ikaita; ni shemeji yake, aliyebaki mezani. "Shemeji, umechomoa kweli? Ujumbe bado unaingia."

"Waya ninao mkononi!"

"Basi toka humo. Alama imebadilika."

"Imekuwa ya nani?"



"Yako."