Matofali Arobaini ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walipita uwanjani na ndoo zao. Dhoruba ilikuwa imeezua mabati ya darasa la kwanza na kuangusha ukuta mzima, na watoto wadogo sasa walisomea stoo, wamebanana magoti kwa magoti. Wazazi walikuwa wamefyatua matofali ya saruji. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuyamwagilia maji asubuhi na jioni, siku saba.

"Tofali la saruji lina kiu kuliko ng'ombe," fundi wa kuujenga upya ukuta aliwaonya. "Likikauka upesi, nje gumu, ndani majivu."

Kila mmoja alipewa safu yake, na ya Chiriku ilikuwa na matofali arobaini. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mdomo: angeongea kutoka bombani hadi darasani bila kumeza mate. Lakini bomba lenyewe lilikuwa bondeni, na ndoo ikijaa haina huruma. Siku mbili alijitahidi. Siku ya tatu akanyunyiza juu juu tu, matofali yaonekane yamelowa, kisha huyooo, akaenda kuruka kamba. Siku zilizobaki zikawa vivyo hivyo. Nani angejua?

Siku ya nane fundi alianza kujenga. Mdogo wake Chiriku, aliyekuwa darasa la kwanza, alikuja mbio akaketi palipochorwa mstari wa ukuta mpya.

"Dada, mimi nitakaa hapahapa! Niegemee ukuta!"

Chiriku akaigeukia safu yake. Fundi alikuwa ameshanyanyua tofali la kwanza la safu yake. Akisema, wenzake watamcheka mwaka mzima. Akinyamaza, ukuta ule utasimama nyuma ya mgongo wa mdogo wake.

"Fundi, shikamoo," alisema, ingawa walikwisha kusalimiana.

"Marahaba tena! Kuna nini, binti yangu?"

"Matofali hayo usiyajengee. Sikuyapa maji. Nilidanganya."

Fundi akaliachia tofali kutoka usawa wa goti. Likavunjika vipande vitatu. Akajaribu la pili na la tatu, mambo yakawa yaleyale.

"Ala! Chiriku, umetuponza!" wenzake wakapiga kelele. Chiriku akalia mbele ya shule nzima.

Mwalimu mkuu alikunja uso. "Fundi, saruji iliyobaki ni ya kujengea baraza la mbele ya darasa."

"Baraza litasubiri, mwalimu. Ukuta hausubiri."

Jioni ile Chiriku na fundi walifyatua matofali arobaini mapya, hadi viganja vya Chiriku vikachubuka. Kisha akateka maji siku saba, ndoo baada ya ndoo. Siku ya nne wasichana wawili waliokuwa wamemnunia wakaja na ndoo zao bila kuitwa.

Watoto waliporudi darasani mwao, fundi aliwakusanya wanafunzi wote mbele ya ukuta mpya.

"Uvivu wa mwenzenu umetugharimu baraza na wiki nzima ya kazi," alisema, "na hilo analijua. Lakini kuteleza si kuanguka. Nimejenga miaka thelathini, wanangu. Tofali bovu likisemwa, ni kazi ya wiki moja. Likifichwa ukutani, ni msiba."