Joto Lililoua Mwani

Mama Pacha alilima mwani baharini. Maji yakipwa, alishuka na kamba zake, akafunga miche ya mwani, akakaza kamba kwenye vigingi. Shamba lake lilikuwa karibu na ufuko. La wifi yake lilikuwa mbele zaidi, ukingoni mwa mfereji wa bahari wenye kina kirefu.

Msimu mmoja mwani wa Mama Pacha ukaanza kuwa mweupe. Ukiushika, unakatika. Akatazama kwa wifi yake: mwani umenawiri.

"Wifi, umemwaga nini shambani kwangu?"

"Nimwage nini? Umechanganyikiwa?"

Wakaacha kusalimiana. Mume wa Mama Pacha, seremala, akawa anamtembelea dada yake kwa kuibia, akisingizia anakwenda kununua misumari.

Jirani yao alikuwa mwanamke mmoja mpima bahari, kazi yake kupima joto na mikondo ya maji. Aliposikia ugomvi ule, akamwita Mama Pacha.

"Njoo na wewe, upime kwa mkono wako."

Wakatumbukiza kipimajoto shambani kwa Mama Pacha, kisha mferejini. Mama Pacha akasoma mwenyewe. Kwake maji yalikuwa ya moto zaidi.

"Bahari ni ileile moja. Mbona hivi?"

"Bahari ni moja, lakini maji yake hayatulii," alisema mpima bahari. "Mikondo huyasukuma kutoka mbali. Mwaka huu imetuletea maji ya joto. Upepo nao umelegea, kwa hiyo maji baridi ya chini hayachanganyiki na ya juu. Hapa kwako maji ni haba, jua linayapasha kama yako sufuriani. Mwani ukidhoofika, ugonjwa unaingia."

"Na kwa wifi?"

"Maji ya mfereji yanapita pale, yanapoza shamba."

"Sasa nifanyeje?"

"Ng'oa mwani mgonjwa. Hamia kwenye kina. Kamba zishikilie chini kwa mifuko ya mchanga, zielee juu kwa chupa tupu."

"Kwenye kina! Mimi kuogelea sijui."

"Basi usiende mpaka ujue. Wifi yako anajua."

Mama Pacha akarudi shambani, akang'oa mwani mgonjwa. Jioni alimkuta wifi yake anafua.

"Wifi, nilikusingizia. Ni joto la maji. Nisamehe."

Wifi aliendelea kufikicha shati. Kisha akamsogezea beseni.

"Suuza hizo. Kesho tunaingia majini. Ukinikaba shingo, nakuachia uzame."

Mama Pacha alikunywa maji mengi ya chumvi. Alilia, akatukana, akarudi tena. Alipoweza kuelea na kuogelea bila kushikwa, wakafunga kamba mpya pamoja kule kwenye kina.

Mwani ukashika. Safari hii haukugeuka mweupe, na walipovuna, seremala alihitaji mkokoteni kuubeba.

Siku hizi mpima bahari akiona maji yanapata joto, huwapigia simu. Mawifi hawa wawili hushuka mapema, wakahamisha na kamba za majirani walio karibu na ufuko. Mama Pacha ndiye anayetangulia kwenye kina.