Anayesoma Begani mwa Wacera

Kitabu kilirudi kikiwa na joto, kama mto ambao mtu ameinuka juu yake sasa hivi. Asenath alikipapasa akashangaa. Kilikuwa kitabu cha tatu cha hadithi za falme za nyota, vitabu vinne alivyovisifia kwa kila aliyepita kibandani pake Shauri Moyo, alikokodisha riwaya za mitumba.

"Sitaki cha nne," alinong'ona Wacera, fundi cherehani wa jirani. "Kuna mtu anasoma na mimi. Nikichelewa kufungua ukurasa, ananipumulia."

Akageuza shingo. Ngozi ilikuwa imebabuka.

Kesho yake, hadi mchana, Wacera alikuwa hajaamka. Akina mama wa kanisa walifika kibandani na mafuta ya taa. "Choma vitabu vyako vyote, Asenath! Hizo hadithi zako ndizo zimeleta jini."

"Hamgusi hata kimoja. Mimi ndiye niliyempa, mimi nitammalizia."

Akaingia chumbani kwa Wacera na kitabu cha nne. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na kadiri alivyosogelea kitanda ndivyo pazia lilivyojivuta polepole bila upepo, ndivyo cherehani ilivyoanza kuzunguka yenyewe, mpaka kinywa cha Wacera kikafunguka bila midomo kutikisika na sauti nzito ya kiume ikasema, "Nisomee."

Asenath akaketi kando ya kitanda, akasoma. Alisoma vita, alisoma usaliti, na pale malkia aliponyanyua kikombe chenye sumu, akafunga kitabu, akakitumbukiza kwenye jiko la makaa lililokuwa mlangoni.

Sauti ikalia kama bati linalopasuliwa.

"Kelele za nini?" Asenath alisema. "Wewe huoni ila kwa macho ya msomaji. Mimi nilishasoma mpaka mwisho, na mwisho uko kichwani mwangu. Ukimuua huyu, sikuambii. Ukiniua mimi, hutajua kamwe. Mwache!"

Wacera akakohoa, akaomba maji.

Tangu hapo kibanda cha Asenath hakikosi mtu asiyeonekana. Wateja huhisi fukuto nyuma yao na kudhani ni joto la mabati.

"Malkia alikunywa?" sauti humuuliza sikioni, siku hizi kwa upole, kama anayekaribia kulia.

"Bado," Asenath humjibu, kisha humgeukia mteja. "Karibu, dada. Unapenda za majoka au za vyombo vya angani?"