Chupa ya Sita Katika Mto Nyamuhe

Chupa ya sita ndiyo iliyoleta balaa, maana Habineza alitupa tano tu.

Alikuwa fundi wa maji, ametumwa kupima mbio za mto Nyamuhe ili vijiji viwekewe bomba. Mto wenyewe mfupi: unachimbuka juu kwenye milima ya Masisi, unaporomoka jiwe kwa jiwe, na mwendo wa saa mbili tu kwa miguu umeshamezwa na mto mkubwa wa bondeni. Habineza alisimama kwenye chemchemi akitupa chupa zenye numero. Mke wake, Uwingabire, alizipokea kule chini na kumpigia simu kila moja ilipofika.

Asubuhi ile Mama Nyiraneza, aliyekuwa akipalilia maharagwe kando ya chemchemi, alimwonya.

"Papa, ukitupa kitu mu huu muto, sema kwa sauti ni ya nani. Ukinyamaza, Mwenye maji anazani ni zawadi, naye anatuma yake. Mwanamuke mwenye kuipokea anakuwa muke yake."

Habineza akacheka, akazitupa chupa zake tano bila kusema ni za nani. Watu wa masomo hao, masikio wanayo ya kuvalia miwani tu!

"Papa Déo," Uwingabire alinong'ona kwenye simu, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ya sita imefika."

"Ya sita gani? Nimetupa tano!"

"Haina numero. Iko moto sawa mwili wa muntu, na inanuka matope. Mu ndani kuna kitu inapumua."

"Usiiguse!"

"Nimeisha ipokea."

Simu ikanyamaza. Hofu ikamshika Habineza. Akateremka mbio akiteleza juu ya mawe, akiita jina la mke wake, na mto ukiteremka naye ubavuni, akisimama unanyamaza, akikimbia unaguna, harufu ya matope ikimjaa puani, hata alipofika bondeni hakujua tena kama anayehema ni yeye au ni maji.

Uwingabire alikuwa ameketi ukingoni, mzima, nguo kavu. Habineza akamkumbatia akilia bila haya. Ngozi ya mke wake ilikuwa baridi.

"Twende kwetu," akasema mke, akamshika mkono. Akageukia mlimani.

"Kwetu iko huku chini, Mama Déo. Mutoto anatungojea."

"Mutoto gani?" akauliza kwa upole, na alipotabasamu maji yakamtoka mdomoni.

Habineza alijua mke huyu sasa ni wa Mwenye maji. Ee, alijua kabisa. Lakini mkono ule ulikuwa wa mke wake, na kuuachilia hakuweza. Wakaanza kupanda kuelekea chemchemi.