Bunduki Iliyochaguliwa na Watazamaji

Ndugu zangu wa Mwanza, nanyi wa Mkolani mnaodai kwamba mambo ya mjini hayawahusu, sogeeni. Habari hii ni ya nyumba moja tu ya Mabatini, lakini ugonjwa ulioiingia nyumba hiyo hupiga hodi kila mtaa, na mimi sijaona mlango usioujibu.

Asubuhi moja, miaka michache kabla ya vita hii, duka la Vasant lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Mkewe Lata alikuwa barazani akichagua dengu kwenye ungo, binti yao Bhanumati akimsaidia kwa kuzimwaga. Mama yake Vasant, Bibi Bachubai, alikuwa ndani akimalizia sala mbele ya taa ya samli. Katika nyumba ile hailiwi nyama, hachinjwi kuku, na panya akinaswa husindikizwa nje ya mji kwa heshima kama abiria wa treni. Vasant mwenyewe alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, asiyepunja mizani. Kilema chake kilikuwa kimoja: hakuweza kutazamwa na watu wawili bila kutaka wamsifu.

Akaingia Shimba, kijana wa Kisukuma aliyekuwa mchukuzi wa pale dukani, anatoka jasho.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bachubai dirishani, kisha akamgeukia tajiri wake. "Bwana, kwetu kuna balaa. Mbogo dume, mzee, amehamia kwenye matete ya njia ya ziwani. Jana kampasua ng'ombe wa baba. Wanawake hawaendi tena ziwani, wanachota dimbwi la mifugo, na watoto wameanza kuharisha."

"Bwana Nyama wa serikali mmempelekea habari?" Lata aliuliza.

"Yuko mbali huko Ikoma anakimbizana na simba. Atarudi lini, nani ajuaye?"

Wateja waliokuja kununua sukari walimtazama Vasant. Hapo ndipo kilema kilipoamka.

"Waambie watulie," alisema. "Nitamwua mimi."

Lata aliweka ungo chini. "Utamwua kwa nini, Baba Bhanumati? Kwa mizani?"

Watu walicheka. Nami nawaambieni, kicheko kile ndicho kilichonunua bunduki.

Kibali alikipata kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, bila taabu, akaenda kwa Mzee Mohanlal, fundi na muuzaji wa bunduki karibu na bandari. Nyuma yake walifuata nusu ya wateja, kwa sababu mjini kwetu mtu akienda kununua hata mwavuli hakosi wasindikizaji. Mzee akatandaza gunia mezani, akalaza bunduki mbili.

"Zote ni za mitutu miwili," alisema. "Mbogo akikujia hakupi nafasi ya kuvuta komeo na kusukuma risasi nyingine. Mtutu wa kwanza ni wa kumwomba, wa pili ni wa kumlazimisha."

Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mti wake una mikwaruzo. "Fumba macho," mzee aliamuru. "Inue begani. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona ile alama ya mbele, iko katikati kabisa."

"Basi hiyo imekukubali."

Ya pili ilikuwa na tembo wa fedha waliochorwa ubavuni, na risasi yake nene kama kidole gumba. Vasant alifumba macho, akaiinua, akafumbua. Aliona dari.

Lakini mlangoni watu walikwisha pandwa na wazimu. "Loo! Hiyo ndiyo ya bwana!" alipayuka mmoja. "Ile nyingine ni ya kulindia mihogo!"

"Nachukua hii," Vasant alisema.

"Mwanangu, hii ni ya mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala. Na kitako ni kirefu kwako, niachie nikikate."

"Ukate bunduki mpya, mzee?"

"Basi twende nyuma ya mlima upige risasi chache, ulijue teke lake."

"Kitu kikishatumika ni mtumba. Mimi ni mfanyabiashara, najua."

Mzee Mohanlal alikuna shingo. "Haya. Basi chukua neno hili moja, nalo halikatwi wala halitumiki. Vifyatuo viwili, kidole kimoja. Unavuta cha mbele, kidole kinatoka, kinaenda cha nyuma. Kidole kimoja! Umenisikia?"

Vasant alikuwa ameshafika mlangoni, anawaonyesha watu tembo.

Nyumbani alisimama mbele ya kioo cha mkewe akijilenga mwenyewe. Bachubai alipita, akajifunika uso kwa ncha ya sari. "Mkono uliokuwa ukipima mchele wa watu," alisema, "leo unajifunza kupima kifo."

Lata alikaa akamtazama vizuri. "Mbona umeweka kidole kwenye kila kifyatuo?"

"Ndiyo haraka yenyewe. Pa, pa!"

"Haraka ya kumkimbilia nani? Mbogo yumo kwenye kioo?"

Vasant alijilenga tena. Mtu aliyejiona kwenye kioo akapendeza hasikii tena.

Kesho yake alfajiri lori lake lilipita Buswelu, likateremka hadi kijiji cha akina Shimba, ufukweni. Mzee Ndalahwa, baba yake Shimba, aliwaonyesha njia ya maji kwa mkuki, kisha akabaki pale pale na wanakijiji. "Ukiingia matete yale," alisema, "umeingia tumboni mwa mbogo. Usubiri akuteme."

Waliingia wawili, Shimba mbele akisoma nyayo, Vasant nyuma. Huko ndani hakuna upepo. Matete yanakupita kichwa, na kila unyasi ukisugua mwenzake unasikia pumzi. Kambale alirukaruka dimbwini, Vasant nusura aangushe bunduki. Kinyesi kilikuwa kibichi, kinatoa mvuke. Shimba aliinua mkono: simama. Ndege waliokuwa wakilia wakanyamaza, wote kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu amewaziba midomo.

Mbogo alikuwa akiwatazama muda wote. Pembe zake zilionekana kwanza, nyeusi, zimekutana kipajini kama jabali lililopasuka; chini yake macho mawili yenye majimaji, hayana hasira, hayana chochote.

"Piga," Shimba alinong'ona. "Bwana, piga."

Vasant aliinua bunduki, akaiona mbingu, akaushusha mtutu kidogo, akavuta kwa vidole vyote viwili.

Mitutu miwili ililia kwa wakati mmoja. Bunduki ilimpiga teke akaanguka chali matopeni, na mfupa wa bega la kulia ukavunjika kwa mlio ambao Shimba aliusikia. Mbogo aliruka, damu ikamchuruzika tumboni, akageuka akazama kwenye matete. Yalitikisika, yakatikisika, kisha yakatulia. Hakutoka upande wa pili.

Shimba alimkokota bwana wake hadi kwenye njia. Kabla hawajafika kwa watu, Vasant alimshika shati. "Watanicheka, Shimba. Ukisema, dukani usirudi."

Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika. "Mlio tumeusikia! Amekufa?"

Sasa tusimame kidogo. Hapa palitosha maneno mawili: "La, amejeruhiwa." Hata mtoto angeyasema. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wakimtazama.

"Amekufa," Vasant alisema. "Ameangukia ziwani, maji yamemchukua."

Vigelegele vilipanda. Shimba alitazama vidole vya miguu yake. Watu wakamfunga Vasant bega kwa kanga wakimwita shujaa, lori likamrudisha mjini, na hadi saa ya chai Mabatini yote ilikuwa inasimulia jinsi mbogo alivyopaa hewani.

Asubuhi iliyofuata Shimba alikuja chumbani kwa mgonjwa bila kupiga hodi.

"Bwana, leo wanawake wataanza kuchota maji ziwani. Dada yangu Getruda ndiye huwatangulia."

"Funga mlango," Vasant alinong'ona.

Lata alikuwa ameshaingia. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mbogo yuko wapi?"

Vasant alivuta shuka hadi kidevuni.

"Baba Bhanumati, nakuuliza. Mbogo yuko wapi?"

"Yumo mateteni mle mle," Vasant alisema, akaanza kulia. "Nilimpasua tumbo. Yumo."

Lata hakupiga kelele. Alitoa bunduki na risasi uvunguni, akamtupia mumewe shati. "Inuka. Ulikwenda na watu wanakushangilia. Leo utakwenda ukiwa mwongo, nami nitakaa nawe garini."

Lori lilikimbia hadi milango ikataka kuchomoka. Walipofika, kilio kilikuwa kimetangulia. Wanawake walikuwa juu ya kilima, mitungi imevunjika njiani. Mzee Ndalahwa alisimama na mkuki.

Getruda alikuwa ziwani, maji yamemfika kifuani. Mbogo alikuwa amemkurupusha kutoka mateteni, naye akakimbilia upande pekee uliobaki. Sasa yule mnyama alisimama ukingoni, nzi wamemjaa tumboni, kichwa kimeinama, anamngoja. Na nyuma ya Getruda, mbali kidogo, kilielea kitu kama gogo. Kiliacha kuelea kama gogo. Kilikuwa kinasogea.

"Usirushe maji!" Ndalahwa alimlilia binti yake. "Ng'wanawane, mwanangu, usitikisike!"

Getruda alisimama tuli. Meno yake yalikuwa yanagongana, ungeweza kuyasikia kutoka nchi kavu.

Vasant alipanda juu ya jiwe mbele ya watu wote. "Nilidanganya!" alipaza sauti. "Hakufa! Nilijua hakufa!" Hakuna aliyemtukana. Nafasi ya matusi haikuwapo.

Alijaribu kuinua bunduki kwa bega la kushoto, mtutu ukaangukia mchanga. Mkono mmoja hauwezi mzigo ule. Ndipo Shimba alipopiga magoti mbele yake, akamgeuzia mgongo, akauvuta mtutu na kuulaza begani kwake, karibu na shavu, akaubana kwa mikono yote miwili.

"Masikio yako, Shimba," Vasant alisema. "Hutakuwa na mkono wa kuyaziba."

"Masikio ni yangu, bwana, na dada ni wangu. Lenga."

Vasant aliweka kidole kimoja, akavuta. Mlio uligonga mawe ukarudi. Mbogo aliyumba, akaliacha ziwa, akawageukia wao. Alikuja akiwa ameinua pua, mchanga unaruka, na ardhi ilimtangulia kwa mtetemo. Lata alisikika akitaja jina la Mungu. Shimba hakuusogeza mtutu hata unene wa unyasi. Kidole kikaenda kwenye kifyatuo cha nyuma.

Mbogo alianguka karibu kiasi kwamba povu lake lilimrukia Shimba magotini.

Wanaume waliingia majini na mikuki wakipiga makelele, lile gogo lililokuwa mamba likazama, Getruda akatolewa. Hakuumia. Alikuwa akimwita kaka yake, "Shimba! Shimba wee!" Kaka yake alibaki amepiga magoti, anatabasamu kumwona dada, na damu nyembamba inamtoka masikioni.

Alipelekwa hospitali. Daktari alimpigia kengele upande huu, akampigia upande ule, akaiweka kengele mezani.

Mwezi ule ule Vasant alirudi kijijini kwa miguu, bila bunduki, bila wasindikizaji. Alimkuta Shimba akisuka kamba mbele ya nyumba. Akakaa chini, akasema yote: kwamba alimtisha kwa kazi, kwamba alinunua sifa za watu kwa damu ya mwingine, kwamba anaomba radhi. Alisema kwa muda mrefu, na kila neno lilikuwa kweli.

Shimba aliitazama midomo yake ikienda. Kisha akamgeukia Getruda kwa upole, akauliza kwa sauti kubwa kama wafanyavyo viziwi: "Anasema nini?"

MAFUNZO

Wenzangu, sikuandika haya ili tumcheke Mhindi wa Mabatini. Nimemtania, ndiyo, lakini nani kati yetu hajawahi kuchagua kitu kwa macho ya majirani? Wapo waliooa hivyo.

Kitu cha hatari kinapochaguliwa, kichaguliwe na mwili utakaokibeba na kazi kitakayoifanya. Anayekujua akikuambia hakikufai, msikilize yeye, uwaache walio mlangoni. Siku ya mbogo hutawaona. Wala usione aibu kujifunza mbele ya watu. Heri kukosa shabaha nyuma ya mlima.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata wakucheke mpaka wachoke. Kicheko hakijamvunja mtu mfupa. Uongo wa mwenye majivuno haumrudii yeye kwanza. Humpata aliyemwamini, anayekwenda kuchota maji.

Nanyi mnaoshangilia milangoni, msiondoke mkijipangusa. Bunduki ile aliilipia Vasant, lakini mliichagua ninyi.