Namba ya Pelagia

Mashine zilikuwa sita. Lakini asubuhi ile ya mwaka 1998, katika ofisi ya misaada ya wakimbizi pale Kibondo, zilizoomba namba zilikuwa saba.

Pelagia, msimamizi wa kompyuta, alisoma mara mbili kwenye kioo cha mashine kuu iliyoziongoza hizo sita. Kompyuta zao hazikuwa na diski za kukumbuka chochote. Kila ukiziwasha zinaiuliza mashine kuu: mimi ni nani? Nayo inatazama orodha. Iliyoandikwa inapewa namba. Isiyoandikwa haijibiwi, hata iombe mpaka jioni.

Ya saba ilijibiwa. Chumba kikaanza kunuka udi, na dirisha limefungwa.

"Hamis," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Hamis, fundi aliyetoka Kasulu, aliganda mlangoni. "Achana nayo, dada."

"Niachane nayo vipi? Mashine kuu haimjibu mgeni! Lazima mtu aiandike hiyo ya saba kwa mkono. Na neno la siri tunalo mimi na wewe tu."

Nyuma ya kabati, ambako hapakuwa na kibodi wala nafasi ya mtu kusimama, vidole vikaanza kugonga herufi, vikagonga vikanyamaza, vikagonga tena karibu zaidi, mpaka Pelagia akahisi pumzi ya moto shingoni.

"Jini hili lilinifuata tangu Kasulu," Hamis alinong'ona, analia. "Likataka jina la mtu na kiti chake. Ningefanyaje?"

"Ukaandika la nani?"

Hamis alianza kurudi kinyumenyume.

Jamani, huyu Hamis! Malaria ilipomlaza, nani alimpikia uji? Nani alimfulia mashuka? Pelagia huyu huyu. Hana haya hata kidogo!

Pelagia alifungua orodha. Mstari wa kompyuta yake ulikuwa umefutwa. Jina lake na namba yake vilikuwa vimepewa mashine ya saba.

"Nilikulisha kwa mkono wangu, Hamis."

Hamis alishakimbia.

Pelagia akaandika jina lake upya. Herufi hazikutokea. Akakimbilia mezani kwake. Pasikali, mlinzi, alikuwa amesimama hapo, anakitazama kiti kitupu.

"Mwakeye, dada Pelagia," alikisalimia kiti kwa Kiha.

"Pasikali, niko huku!" Alimshika bega, akamtikisa, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Pasikali alijikuna bega. Akacheka, kama aliyetaniwa, kisha akaenda kumletea dada Pelagia chai.